Pini ya mbuzi ya bibi yangu, na fundi aliyeigonga upande usio wake

Nnaandika haya na hasira ingali moto, anayeona nimezidisha anisamehe. Kuna fundi mbao mmoja huku Mombasa, Mji wa Kale, jina lake silitaji na kichochoro chake sikitaji. Nilimpelekea mbuzi yangu ya kukunia nazi anibadilishie mbao iliyooza. Mbao amenitengenezea vizuri, haki yake nampa. Chuma amekiharibu. Na kwangu mimi mbuzi ni chuma, mbao ni pa kukalia tu.

Mbuzi yenyewe nimerithi kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akikaa Kibokoni. Chuma chake kilifuliwa na mhunzi, hakifanani kabisa na hivi vya bati vinavyouzwa siku hizi, ukikuna nazi tatu meno yashalala. Hiki meno yake mafupi, yamebanana, na nazi ikipita hapo inashuka laini, haina vipande. Mimi napika mahamri na mbaazi za nazi za kuuza asubuhi, Majengo. Siku ya kawaida nakuna nazi kumi, Ramadhani ni ishirini na zaidi. Blenda ninayo, nilinunua kwa pesa zangu, na imekaa kabatini. Nyama ya nazi lazima uibandue kwenye kifuu kwanza, lile ganda la kahawia linasagika humo humo, na tui linatoka na rangi ya vumbi. Kwenye mbuzi mkono wenyewe unakwambia simama, umefika kwenye ganda. Mteja wangu wa mbaazi anajua tofauti kabla hajaweka tonge mdomoni.

Sasa sikilizeni pini ilivyokaa, maana hapa ndipo ugomvi wote ulipo. Chuma cha mbuzi kina mkia. Mkia unaingia kwenye ufa uliopasuliwa mdomoni mwa mbao, na pini moja inapita ubavuni: inatoboa mbao, inapita kwenye tundu la mkia, inatokea upande wa pili. Pini hiyo haiko sawasawa. Ncha moja ni nene kama punje ya mbaazi, ya pili nyembamba kama choroko. Mhunzi aliichonga kama kabari makusudi, ili ukiigonga kuingia izidi kukaza. Kwa hiyo kutoka inatoka njia moja tu: unagonga kwenye choroko, itokee kwenye mbaazi. Ukigonga kwenye mbaazi unazidi kuizamisha.

Hili nalijua kwa kuona. Nikiwa mtoto babu aliitoa pini hiyo mbele yangu, barazani, akaipaka mafuta ya nazi akairudisha. Basi siku nilipoipeleka, kabla fundi hajashika nyundo, nilimwambia, "Fundi, hii pini ina kichwa na mkia. Igonge kutoka upande huu mwembamba." Nikamwekea kidole pale pale.

Akanijibu bila hata kuinama kuangalia. "Mama, wewe kapike mahamri, pini niachie mimi."

Vijana wake wawili walikuwapo, na bwana mmoja aliyekuja kuchukua stuli yake. Wakacheka wote. Nikanyamaza, nikampa elfu mbili kwa M-Pesa, baki mia tano, nikaenda zangu. Na kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo. Mimi nakaa juu ya mbuzi ile kila alfajiri. Naijua inavyolia ikilegea. Mtu ambaye hajawahi kukuna hata kifuu kimoja akanifukuza kwenye kitu changu mwenyewe kwa neno la mahamri, nami nikaenda.

Nilirudi baada ya siku nne tano, au wiki, Shaaban ilikuwa inakatika. Kwa mbali niliona mbao nikafurahi sana. Mbambakofi, nzito, imepigwa msasa mpaka inang'aa, inakunjika na kukunjuka bila kukwama. Nikaishika. Nikaona chuma kimeshikizwa kwa misumari miwili ya kawaida na gundi.

Nikauliza, pini iko wapi? Kijana wake mmoja, asiyejua kuficha, akasema, "Tuligonga sana, haikutoka." Kumbe mbao ya zamani waliipasua, sawa, ilikuwa imeoza, hapo sina neno. Wakabaki na chuma kimetoboka na pini imeng'ang'ania ndani. Wakakibana meno kwenye jiliwa, mkia ukining'inia hewani hauna cha kuegemea, wakaitwanga pini kwa nyundo tupu. Upande wa mbaazi. Ule ule niliomkataza.

Nikakichomoa kile chuma na misumari yake palepale dukani. Mkia ulikuwa umepinda. Kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ukiutazama juani unaona mwanga unapita. Ncha ya pini imefura imetanuka kama uyoga. Na pini imezama ndani kuliko siku niliyoileta.

Fundi akasema nini? "Chuma hiki cha zamani mama, kimechoka. Nunua kipya, mia tatu tu." Pole hakunipa.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kusema: mpelekeeni viti, mpelekeeni meza, mikono yake kwenye mbao ni mizuri, ila chuma msimpe. Sasa nimefika hapa naona hapana. Fundi asiyemsikiliza mwenye kitu, hata kiti atakutengenezea anachotaka yeye. Lakini tena ile mbao, wallahi, ni nzuri, nimeikalia leo asubuhi na mgongo hauumi kama zamani. Sijui niseme nini. Mbao yake ni ya kusifiwa na ulimi wake ni wa kukimbiwa.

Chuma nilikipeleka Bondeni kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli, sisi twamwita Ami. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kibao nikae, ndipo akavaa miwani akakigeuza chuma mkononi huku na huku. Hata sijasema, akasema yeye. "Mwanangu, hii ni kabari. Nani ameigonga upande huu?" Nilitaka kulia.

Akanieleza kwamba baiskeli za zamani, zile nyeusi nzito, mkono wa pedeli unashikwa na pini kabari vilevile, na kwamba mafundi wengi wameharibu baiskeli za watu kwa kosa hili hili moja. Akaniambia na jambo ambalo sikuwahi kulifikiri: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila. Ikiota ndani ya tundu haina pa kufuria, kwa hiyo inajibana, pini na mkia vinashikana. Ukigonga kwa hasira unavunja chuma kizima na kutu imekaa palepale.

Alikifunga mkia kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa na oili kidogo, akakiacha siku mbili. Niliporudi alinikalisha nione. Kwanza alichukua tupa akasaga ule uyoga mpaka ncha ikarudi unene wake. Akazungushia meno kitambaa cha maji, akapasha moto mkia tu, taratibu, maana meno yakishika moto yanapoteza ugumu wake na nazi haitakunika tena. Akalaza mkia juu ya nati kubwa, tundu la nati likiwa chini ya pini sawasawa, ili chuma kiegemee na pini ipate pa kuangukia. Akatafuta panchi ya ncha bapa, nyembamba kidogo kuliko pini. Akaiweka kwenye choroko.

Aligonga mara moja, pigo fupi. Akasubiri. Akatia mafuta. La pili. La tatu nikasikia mlio umebadilika, ule wa kugonga jiwe ukawa wa kugonga kitu kinachosogea, na unga mwekundu ukamwagika kwenye meza. La nne pini ikaanguka ndani ya nati, nyeusi katikati, ncha zote mbili zinameremeta.

Kazi nzima alinitoza mia tatu, nikimpa zaidi anakataa. Ufa hauondoki, hilo aliniambia wazi. Amenyoosha mkia, ameukaza kwa vipande viwili vya chuma kila upande, amechonga pini mpya ya kabari, na kwenye mbao ameweka alama ya wino upande wa kugonga ili atakayekuja baadaye asikisie.

Mbuzi inakuna. Lakini nikifika nazi ya saba ya nane naisikia chini ya mkono, inatikisika kidogo sana, kitu ambacho haikuwa ikifanya maisha yangu yote. Nazi inatoka laini vilevile. Wateja hawajaona tofauti. Mimi naiona kila alfajiri.

Nilisema nitampa fundi mbao nafasi ya mwisho, nikampitia Ijumaa moja nimwonyeshe pini ilivyotoka. Nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa. Nilifikiri akiiona kwa macho, nene huku na nyembamba huku, ataelewa, na mwenzangu mwingine atakayempelekea mbuzi ya bibi yake atapona. Akaitazama pale mkononi mwangu, hakuigusa. Akaniuliza ile baki ya mia tano naileta lini.

Nilimlipa. Nilimtumia nikiwa nimesimama mlangoni pake, sitaki kudaiwa naye. Pini nimerudi nayo nyumbani, iko kwenye kopo la bizari jikoni.