Hobbiton ao Dubrovnik?
Bandugu, kama munachanga makuta ya kuenda kuona fasi walipigia filme za uchawi, miye naona Dubrovnik, muji ya Kroatia, inapita. Hobbiton, kule walipigia Lord of the Rings, iko Nyuzilandi karibu na Matamata, ndani ya shamba ya kondoo, tunyumba tule twa mulango wa mviringo ni tuzuri kabisa lakini hutembei peke yako, ni na gidi tu, na kutoka Goma upitie Kigali ni mbali mpaka mugongo inalia. Dubrovnik, kule walipigia Game of Thrones, ni muji ya kweli, batu banaishi mule, ukuta wake wa mita 1,940 unauzunguka kwa miguu (unalipa), barabara za chini ni bule. Kroatia iko Schengen (inchi za Ulaya zenye kutumia visa moja) tangu 2023. Na mawe yao ni meupe, si kama yetu ya volkano!