Tyuna ya kubana kwenye gita la besi: uzoefu wangu, na maneno niliyoambiwa dukani

Wapiga besi wenzangu wa Kampala, na nyinyi wa Arua, Gulu na Kasese mnaoagiza vitu mjini bila kuviona, hizi tyuna za kubana kichwani mwa gita, vile vifaa vya kukuonyesha uzi umekaa kwenye noti gani, msinunue kabla hamjanisoma. Nimekasirika na sifichi. Kuna duka moja hapa katikati ya mji, jina silitaji, wanauza vinanda, spika, ngoma, nyuzi, kila kitu, na kijana wa pale kaunta ameniambia mbele za watu kwamba masikio yangu ndiyo mabovu. Mimi ambaye besi ndiyo inalipa ada ya watoto wangu.

Kitu chenyewe ukikitazama unakipenda. Kidogo, kinabana vizuri, kina kioo kinachogeuka kijani noti ikikaa. Kabla sijatoa pesa nilimuuliza yule kijana kwa adabu kabisa, hii inasoma besi? Akaniambia ssebo (yaani bwana), inasoma kila kitu, gita, besi, fidla, ukulele, wewe unabonyeza tu hapa. Nikatoa shilingi 45,000 nikaondoka nimefurahi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumuomba noti mpiga kinanda kila shughuli, na wapiga kinanda wetu mnawajua, ameshaweka transpozi, yaani amehamisha noti zote za kinanda, kwa ajili ya mwimbaji na amesahau, anakupa A ambayo si A, unatuni besi nzima nusu toni juu halafu mkianza wimbo wote wanakugeukia wewe.

Basi ikaja kwanjula moja, ile sherehe ya Waganda ya binti kumtambulisha mchumba kwao, upande wa Mukono. Mnajua kwanjula ilivyo, mahema yanatazamana, wageni wamejaa, na sisi bendi tumewekwa pembeni ambapo jua la mchana linatupiga moja kwa moja. Nyuzi za chuma zikipata joto zinalegea, sauti inashuka, kwa hiyo gita ulilolituni nyumbani asubuhi ukifika pale limeshahama. Sawa, hapo ndipo tyuna inatakiwa ifanye kazi. Nikaibana, nikapiga uzi wa E, ule mnene kuliko yote kati ya nyuzi nne za besi, E, A, D na G. Inaandika B. Napiga tena, B. Inagusa E kidogo, mshale unaruka, inarudi B. Nikahamia uzi wa A, inaniandikia E! Jenereta linanguruma nyuma yangu, MC ameshatutaja, ssenga (shangazi wa bibi harusi) na wasichana wako tayari wanangoja wimbo wa kutokea, kiongozi wa bendi ananikazia macho, na mimi nimeinamia kioo kinachonidanganya.

Nikaibandua nikaitia mfukoni. Nikamwambia mpiga gita wetu, kaka nipe A. Akanipigia uzi wake wa tano wazi, yaani bila kuubana, ambao ni A ya oktavu moja juu ya yangu, nikaufuata kwa sikio mpaka ukakaa, halafu zilizobaki nikazimaliza kwa njia aliyonifundisha Papa mmoja Mkongo niliyepiga naye zamani, mtu ambaye nyuzi anaziita mi, la, re, sol na sijawahi kumuona na tyuna ya aina yoyote mkononi. Bana E kwenye freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya shingoni), sauti inayotoka ndiyo A wazi. Bana A freti ya 5, hiyo ni D. Bana D freti ya 5, hiyo ni G. Tukaanza wimbo, wasichana wakatoka, shughuli ikaenda.

Njia hiyo kila mtu anaijua, lakini Papa alikuwa na mambo mawili ambayo wengi hawafanyi na mimi nayashika mpaka leo. La kwanza, noti ifikie kutoka chini. Ukipitiliza juu usirudishe tu ukaacha hapo, legeza mpaka ushuke chini ya noti kabisa ndipo upande tena ukikaza, kwa sababu zile gia ndogo za kichwani zina mchezo, ukimalizia kwa kulegeza uzi utashuka wenyewe katikati ya wimbo. La pili ni hamoniki, ile sauti nyembamba ya juu inayotoka ukigusa uzi bila kuubana. Usibane, gusa tu uzi wa E juu ya chuma cha freti ya 5, na uzi wa A juu ya chuma cha freti ya 7, ziache zilie pamoja. Kama hazijapatana utasikia sauti inapiga mawimbi, wa-wa-wa, unapokaribia yanapunguza mwendo, zikipatana yanatulia. Unaendelea hivyohivyo, A na D, D na G. Kwa besi mimi naiona ndiyo bora kuliko kubana, maana ile sauti ya chini yenyewe ni mvumo tu, sikio halina pa kushika, ila hamoniki iko juu na iko safi. Mwenye studio atakwambia ukitumia hamoniki ya freti ya 7 hukai sawasawa na kinanda, na ni kweli, kila uzi unatofautiana senti 2 hivi, yaani sehemu mbili katika mia za nusu toni. Ukirekodi angalia hilo. Kwenye kwanjula endelea.

Sasa dukani. Nilirudi na tyuna, boksi na risiti. Sikwenda kugombana, nilikwenda kubadilishiwa. Nikamuomba yule kijana anishushie besi moja ya ukutani ili aone kwa macho yake, nikabana tyuna, nikapiga E wazi. Ikaandika B. Nikamwambia unaona? Akaangalia kioo, akacheka, akasema ssebo, hiyo B ni besi, ina maana iko kwenye besi!

Mnisamehe lakini hapo damu ilichemka. Hii tyuna ina herufi ndogo pembeni za kuonyesha umeweka ala gani, C ni noti zote, G ni gita, B ni besi, V fidla, U ukulele. Ile kubwa ya katikati ndiyo noti. Kijana anauza kitu hiki kutwa nzima na hajui herufi ipi ni noti. Nikasema haya, tazama na huu, nikapiga A, ikaandika E, nikamuuliza na hii E nayo ni ya nini? Hakuwa na jibu. Ndipo akapaza sauti, na duka lilikuwa na watu, vijana wa kwaya walikuja kununua maiki: "Mashine haina shida, shida ni masikio yako. Nyinyi watu wa besi hamjui kutuni." Watu wakacheka. Akanionyesha risiti pale chini palipoandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Masikio yangu! Mimi ni mtu wa Nebbi, nimekua nikiwaona Waalur wenzangu wakikaza vigingi vya adungu, kinubi chetu, mpaka lile kubwa la besi, uzi kwa uzi, kwa sikio tupu, hakuna kioo wala betri. Usiniambie habari ya masikio.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba maelezo yapo, na ni mafupi, mtu anayeuza ala angeweza kuyajua. E ya chini ya gita la kawaida inatetema mara 82.4 kwa sekunde. E ya besi ni nusu yake, 41.2. Tyuna ya kubana haisikii hewani, inahisi mtetemo wa mbao pale kichwani, na ule mtetemo wa chini kabisa ukifika pale ni dhaifu, kwa hiyo kifaa kinadaka sauti ndogo zinazolia juu yake ndani ya uzi uleule. Ya pili katika hizo, inayotetema mara tatu ya ile ya chini kabisa, kwenye uzi wa E ni B. Kwenye uzi wa A ni E. Ndiyo maana iliandika vile! Angeniambia kaka, hii kwenye uzi mnene inasumbua, jaribu hivi na hivi, ningemshukuru nikaondoka na tyuna yangu na leo nisingekuwa naandika haya.

Kwa sababu njia ya kuikwepa ipo. Niwe mkweli, nimeitumia tena nyumbani na si takataka kama nilivyosema kwa jirani siku ile. Ukigusa hamoniki ya freti ya 12, E inapanda hadi 82.4, hapo inasoma E bila kuyumba, A nayo hivyohivyo. D na G inasoma hata wazi. Piga kwa kidole gumba, taratibu, nyuzi nyingine zizime kwa mkono, ngoja sekunde moja mshtuko wa mwanzo upite ndipo usome, kwa sababu uzi ukipigwa kwa nguvu unaanza juu kidogo halafu unashuka. Ukifuata hivyo inafanya kazi. Kwa gita la kawaida nimemuazima mdogo wangu na hataki kuirudisha. Kwa hiyo labda nyota tatu.

Hapana, ngoja. Kuna kibonyezo cha nyuma, kiko palepale vidole vinaposhika unapoibana, na hicho kinabadilisha kipimo cha A. Kipimo cha kawaida duniani ni A ya mitetemo 440 kwa sekunde, walikubaliana hivyo kwenye mkutano wa London mwaka 1939, na kinanda chochote utakachokikuta kanisani au ukumbini kiko hapo kama hakijachezewa. Yangu nilikuta imejisogeza hadi 445. Kioo kinawaka kijani kizuri kabisa, kila uzi kijani, na besi nzima iko juu ya bendi kwa karibu moja ya tano ya nusu toni. Hiyo si ndogo, hiyo hata mtoto anaisikia ingawa hawezi kusema tatizo ni nini. Kitu kinachoweza kukupeleka pabaya huku kikikuonyesha kijani ni kibaya kuliko kinachokataa kuwaka. Nyota moja.

Programu za simu nimejaribu pia, za bure zipo nyingi. Chumbani, kimya, simu ukiiweka karibu na spika ya amplifaya, zinasaidia. Maiki za simu zetu hazipendi sauti ya chini, kwa hiyo hamoniki ya freti ya 12 tena. Kwenye shughuli sahau, inasoma jenereta, inasoma MC, inasoma watoto wanaopiga kelele.

Kilichonifurahisha kabisa ni tyuna ya kukanyaga kwa mguu. Rafiki yangu aliniachia Boss TU-3 yake kwa shughuli moja na nilitaka kulia. Waya unatoka kwenye gita unaingia humo, inasoma moja kwa moja kutoka kwenye pikapu (ile sumaku iliyo chini ya nyuzi), kelele za nje haizijui, E wazi ni E. Unakanyaga, sauti inakatika, unatuni kimyakimya wageni hawasikii kitu, unakanyaga tena unarudi kazini. Bei iko mbali sana na 45,000 na si kila mmoja wetu anaifikia, naelewa. Mimi naiwekea akiba. Mpaka nitakapoipata nachukua A kwa mpiga gita na namaliza kwa hamoniki.

Kama lazima ununue ya kubana, nenda na besi yako mwenyewe, bana palepale kaunta, piga E wazi, na usitoe hata shilingi kabla haijaandika E. Akikwambia B ni besi, toka.

Na wewe mama mwenye duka, najua ni wewe maana nilikuona umekaa kule nyuma na kitabu cha hesabu na hukunyanyua kichwa. Sidai tena tyuna nyingine. Nataka yule kijana aniombe msamaha palepale kaunta, kwa sauti ileile, na 45,000 yangu irudi. Risiti ninayo.