Leza ya Kujifungia Mwenyewe Kwenye Msumeno: Nimekaa Nayo, Haya Ndiyo Majibu

Haya mafundi, karibuni tena karakanani. Mashine ni ile ile ya kukatia pembe mnayoijua, bledi ya milimita 255. Kipya ni huu mstari mwekundu juu ya mbao, unaoonesha bledi itakapopita. Mnauona? Subirini nizuie jua kwa mkono... eeh, hapo.

Kinachoutoa ni hiki kidude cha shaba, unene milimita 12. Dukani semeni mnataka leza ya mstari, maana mkisema leza tu mtapewa ya nukta, na nukta haina kazi hapa. Hii yangu imeandikwa miliwati 5, volti 3 hadi 5, kwa hiyo nimeipa umeme wa kichwa cha chaja ya simu. Chanya na hasi msizigeuze, mtaiunguza.

Kuiwasha ni dakika tano. Kazi iko kwenye kuifunga. Mara ya kwanza nilitoa sumaku kwenye spika mbovu nikajua nimemaliza. Kumbe kifuniko cha bledi ni aluminiamu, sumaku haishiki hata kwa dawa! Nikaja na gundi ya moto, mtetemo ukaibandua siku ya pili. Sasa nimetumia kipande cha mninga: tundu la milimita 12, ufa upande mmoja, skrubu inaubana ule ufa. Kimekaa kwenye mkono wa mashine kwa bolti mbili, na matundu yake nimeyarefusha nipate pa kusogezea. Kabla hamjatoboa, chomoeni plagi, pandisheni na kushusha mkono muone kifuniko cha chini kinapita wapi.

Sasa angalieni hapa, ndipo wengi wanapoachia njiani. Nimekata plaiwudi ya milimita 18, mstari umelala sawasawa na ukingo wa njia ya bledi. Safi. Naitoa, naweka mbao ya mbili kwa nne, nimeisimamisha kwa ubavu. Ona! Umehama kama milimita mbili. Ni kwa sababu mwanga unashuka umeinama, haujalingana na bledi, kwa hiyo mbao ikinenepa unaigusa mahali pengine. Dawa yake ni kuinamisha kidude kidogo kidogo mpaka mbao nyembamba na nene zikubaliane, na ukishusha mkono mstari ubaki palepale. Mimi ilinila saa nzima, na chai ikapoa.

Halafu kumbukeni bledi ina unene. Yangu inakula karibu milimita 3, na mstari unaonesha ukingo wa kushoto tu. Kijana wangu hapa, anacheka huyo, alibakiza upande wa kulia wa mstari, bledi ikala ndani ya kipimo, vipande vinne vya droo vyote vikapungua. Tangu siku ile nimeandika kwa maka pen kwenye kifuniko: TAKA KULIA, yaani cha kutupa kikae kulia mwa mstari.

Mwanga je? Asubuhi na jioni mstari unasomeka vizuri. Banda letu ubavu mmoja uko wazi, ikifika saa sita mchana wekundu unapotea kabisa. Ya kijani inaonekana zaidi kwa jicho, ila bei yake iko juu.

Na macho, jamani. Miliwati 5 si mchezo, na hizi za bei rahisi zinaweza kuzidi zilivyoandikwa. Bledi inang'aa, inarudisha mwanga. Mkibadilisha bledi, zimeni na leza.

Naibakiza kwenye mashine? Kwa mbao za paa na chaga za kitanda, ambako unakata hamsini za kipimo kimoja, naibakiza, inaniongezea kasi. Kwa droo na viungo narudi kwenye skwea na penseli. Ila ningekuwa naanza leo ningefunga taa ndogo juu ya bledi: ukishusha mkono, kivuli cha bledi kinalala kwenye mbao kikiwa na upana wake wote, kushoto na kulia, bila kurekebisha pembe. Taa ninayo tayari, hii hapa mfukoni. Jumamosi naifunga.