Mazda MX-5 kwa autokrosi: pesa ianzie kwenye tairi

Autokrosi ya Marekani, ile ambayo Sports Car Club of America (SCCA) huiita Solo, ina sura yake ya pekee. Koni za plastiki hupangwa kwenye uwanja mpana wa lami, magari huingia moja moja, na kila mzunguko huisha ndani ya dakika moja hivi. Ukigonga koni unaongezewa sekunde 2. Hakuna muda wa kupasha tairi, kwa hiyo kona ya kwanza unaikata mpira ukiwa bado baridi. Hilo ndilo linaloamua ununue nini kwanza.

Nachukulia una MX-5 ya kizazi cha 4, gari la kilo elfu moja na kidogo, na unataka kubaki daraja la Street, lenye mabadiliko machache na gharama ndogo.

Nafasi ya 1: matairi

Hapa weka nusu ya bajeti bila kusita. Street inataka tairi ambalo namba iliyo mbele ya neno TREADWEAR (kipimo cha mpira kutochakaa upesi) ubavuni mwake haipungui 200. Mengi ya mashindano yameandikwa 200 ileile, lakini tabia zao zimeachana sana.

Chaguo langu la kwanza ni Bridgestone Potenza RE-71RS. Linashika mapema, na joto likipanda halikutupi mkono. Yokohama Advan A052 ni kali zaidi kwenye mzunguko wa kwanza, hasa asubuhi ya baridi, ila huchoka upesi likipata moto. Mkiendesha watu wawili gari moja, bebeni chupa ya kunyunyizia maji muyapooze matairi kati ya mizunguko. Kama unashindana peke yako na hujali kulinunua mara kwa mara, A052 inaweza kukufaa kuliko Bridgestone.

Falken Azenis RT660 nalipatia nafasi ya tatu: bei nafuu, na halitakuangusha. Hankook Ventus RS4 linadumu kuliko yote haya lakini linataka joto kwanza, kwa hiyo ni zuri kwa anayejifunza na anataka mizunguko mingi. Toyo Proxes R888R liache. Namba yake ni 100, Street hairuhusu, na hata ingeruhusu, limetengenezwa kwa viwanja vya mizunguko mirefu.

Nafasi ya 2: alaimenti

Huku ni kupanga pembe ambazo matairi husimama nazo. Watu huiruka kwa sababu haionekani kwa macho, na inaniuma kila nikiona gari lenye rimu za bei kali huku tairi linakula bega la nje. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje husimamia ukingo wake. Ukilipatia tairi mwinamo wa kuingia ndani kwa juu, uso wote wa mpira unarudi chini. MX-5 ina boliti za kurekebisha mwinamo huo mbele na nyuma kutoka kiwandani, kwa hiyo unamlipa fundi tu, hununui kifaa. Mwambie akupe mwinamo wote unaopatikana mbele, na nyuma upungue kidogo. Pua za matairi ya mbele zifunguke nje kidogo sana ili gari liingie kona upesi. Za nyuma zifunge ndani ili mkia utulie.

Upepo nao ni bure. Kiwanda kinasema psi 29. Paka chaki kwenye bega la tairi, zunguka mara moja, kisha tazama imefutika hadi wapi. Ikifutika hadi ubavuni, ongeza. Ikibaki juu ya meno, punguza.

Nafasi ya 3: shokapu

Street inakuruhusu kubadili shokapu lakini springi zibaki za kiwanda. Kama bado hujanunua gari, tafuta toleo la Club lenye gia za mkono: linakuja na shokapu za Bilstein, difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure, na rimu za inchi 17 kwa 7. Toleo la Sport lina inchi 16 kwa 6.5, na upana huo huruhusiwi kuuongeza.

Nafasi ya 4: stabilaiza ya mbele

Stabilaiza ni fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana. Unaruhusiwa kubadili moja tu, ya mbele au ya nyuma. Chagua ya mbele, iwe nene. Inapunguza gari kulala, na tairi la ndani la nyuma linabaki chini likisukuma unapotoka kwenye kona.

Nafasi ya 5: rimu

Upana uwe uleule wa kiwanda, kipenyo kisitofautiane na cha kiwanda kwa zaidi ya inchi 1, na ofseti (rimu inavyokaa ndani au nje) isitofautiane kwa zaidi ya milimita 7. Kinachobaki kununua ni wepesi. Enkei RPF1 imejijengea jina kwa hilo. Hakikisha matundu ya boliti ni manne kwenye duara la milimita 100.

Nafasi ya mwisho: springi fupi na koilova

Koilova ni shokapu na springi zilizounganishwa, zenye kimo cha kurekebishwa. Ukizifunga unatoka Street na kuingia daraja la Street Touring, ukutane na wenye rimu pana na matairi mapana kuliko yako. Kanuni hufanyiwa marekebisho kila mwaka, hivyo soma kitabu cha mwaka huo kabla ya kulipia chochote.

Kwa wasomaji wa Kenya, autokrosi yenu hukimbiwa juu ya udongo, na huko orodha hii inageuka: shokapu imara na gari lililoinuka kutoka ardhini vitangulie, na tairi liwe la meno ya vumbi.