Bwawa zuri, meneja balaa: uzoefu wangu na meli ya rimoti hapa Kigoma

Nianze na hasira yangu kabisa. Nimelipa kiingilio, nimeagiza soda nisiyokuwa na kiu nayo ili tu nionekane mteja, halafu anakuja kijana ninayeweza kumzaa, shikamoo hana, ananiambia: "Mzee, hapa haturuhusu droni." Droni! Kitu kina dohani, kina usukani, ubavuni kimeandikwa LIEMBA, na wakati huo kiko majini kinaelea.

Najua mtaniuliza: mtu uko Kigoma, ziwa lote lile, bwawa la nini? Liemba halisi, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ina urefu wa meta 71 hivi. Yangu nimeiunda kwa kipimo cha moja kwa mia, kwa hiyo ni sentimita 71. Sasa piga hesabu: kiwimbi cha upana wa kiganja, ambacho watoto wa Kibirizi wanakiruka huku wanacheka, kwa meli yangu ni wimbi la meta kumi. Kiangazi kusi ikianza kuvuma ndiyo usiseme. Betri ikikata moto mbali kidogo na ufuko, meli imeshaaga, na mimi kuogelea kuifuata sitaki, mamba wapo. Mabwawa ya samaki nayo nimeyajaribu. Mengi yana nyavu juu za kuzuia ndege, maji ya kijani kwa samadi, na mwenyewe anakukodolea macho kama umekuja kuiba sato.

Ndiyo maana nilipoelekezwa hii sehemu ya mapumziko, upande wa kwenda Ujiji, nilifurahi mno. Na bwawa lenyewe, nisiwe mnafiki, ni zuri. Ukingo uko chini, unaishusha meli bila kulala kifudifudi. Maji hayapiti kiuno, kwa hiyo ikizima unaingia unaichukua. Hakuna magugu ya kujiviringisha kwenye propela, na miembe inakinga upepo. Siku hiyo omo, yaani mbele ya meli, ilikuwa inakata maji taratibu, na kwenye tezi, yaani nyuma yake, kunabaki mstari mweupe ulionyooka. Hapo nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tano.

Akaja huyo meneja. Nikamweleza kwa upole kwamba droni ni mambo ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hii haijawahi kupaa hata inchi moja. Akasema chochote chenye rimoti na antena ni droni, nilipe elfu ishirini au niitoe "kabla sijaizamisha". Wewe! Liemba waliizamisha Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaja kuiibua 1924, ikabeba watu miaka na miaka. Leo izamishwe na meneja wa baa?

Kumbe hatanii. Akaninyang'anya rimoti mkononi, akasukuma kijiti asichokijua, meli ikaenda mbio mpaka ukingo wa saruji. Kwaa! Usukani ukapinda, na ile reli ya sitaha niliyoiunganisha kwa waya mwembamba usiku kucha, nusu yake ikang'oka. Pole hakusema. Alinirudishia rimoti, akaenda zake kugombana na mhudumu.

Aliyeniokoa ni mzee wa bustani. Alikunja suruali, akaingia majini, akaibeba meli kwa mikono miwili. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Hii ni Liemba yetu kabisa. Nilipanda hii kwenda Kasanga nikiwa kijana." Akanionyesha kwa kidole mahali ambapo mashua za kuokolea hukaa, nami nilikuwa nimeziweka nyuma mno. Alikuwa sahihi, jamani.

Kwa hiyo nyota ngapi? Huduma, moja, na hiyo ni kwa sababu soda ilikuwa baridi. Nilishaapa sitakanyaga tena pale. Lakini usukani nimeshaunyoosha, mashua nimezisogeza, na bwawa jingine la namna ile mjini hapa sijaliona. Wenye meli, nendeni asubuhi, meneja huwa bado hajafika. Rimoti iwekeni kwenye kikapu chini ya kanga, na mkimkuta yule mzee mpeni ya chai.