TAHADHARI: Yule wa "nano seramiki" na ofa yake ya taa nyeusi bure

Wenye magari, na hasa mnaosubiri gari lishuke bandarini mlipeleke moja kwa moja kwa fundi wa tinti, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Ni yule yule wa kontena, mnamjua, anayeuza tinti ya "nano seramiki", yaani karatasi ya kuzuia joto la jua bila kutegemea rangi, gari zima laki tatu na nusu na taa anakupigia nyeusi bure. Watu tumepigwa. Aibu zaidi ni kwamba waliopigwa si wageni wa magari. Ni watu wa gereji, watu wanaojua injini kwa mlio tu, wakasimama mbele ya kiboksi cha plaiwudi wakishangaa kama watoto kwenye mazingaombwe.

Kiboksi chenyewe kiko hivi. Ndani kuna taa nyekundu ya joto, ile ya kulelea vifaranga. Mbele yake kuna nafasi ya kuchomeka kioo. Anachomeka kioo kitupu, anakuambia weka mkono. Sekunde tano, unautoa mwenyewe. Anachomeka cha pili chenye karatasi ya tinti, unaweka mkono, unauacha hapo mpaka unachoka. Halafu anatoa kipimo kidogo kama simu ya zamani, anakibana kwenye kioo, namba inatokea: joto lililozuiwa, asilimia 97. Hasemi neno. Anakutazama tu, anakuacha ujiuzie mwenyewe. Ukishaitikia kwa kichwa ndipo anafungua boksi la roli lenye maandishi ya Kijapani, anakuonyesha upana mita 1.52, urefu mita 30, anakupa kadi ya dhamana ya miaka saba na lipa namba. Gari linaingia ndani, mlango wa kontena unafungwa. "Vumbi, bosi."

Msicheke. Fundi mzuri wa tinti kweli hufunga mlango, kwa sababu chembe moja ya vumbi chini ya karatasi haitoki tena. Kweli hutumia chupa ya maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto. Kweli hukwambia usishushe vioo siku tatu mpaka wiki. Huyu anasema yote hayo, tena kwa usahihi. Na bei yake si ya kutupa, na hapo ndipo alipotuweza. Angesema elfu themanini kila mtu angekimbia.

Sasa uongo uko wapi? Sampuli ya kwenye kiboksi ni ya kweli. Inayobandikwa nyuma ya mlango uliofungwa ni karatasi ya rangi tupu, ile ambayo rangi imechanganywa kwenye gundi. Na hata onyesho lenyewe lina hila. Taa ya joto hutoa karibu nguvu yake yote kwenye miale ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho, wakati jua hutoa huko nusu na kidogo tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni mwanga wa kawaida. Kipimo chake nacho husoma urefu mmoja wa mawimbi, karibu nanomita 950, kisha namba hiyo moja inauzwa kama ndiyo joto lote la jua la Dar. Anayejua kazi huulizia jumla ya nishati ya jua inayozuiwa, na namba hiyo siku zote huwa ndogo kuliko ile ya kujitapa. Habari ya "inazuia UV asilimia 99" ndiyo usiipe hata senti moja ya ziada, maana karibu kila karatasi ya tinti yenye kinga ya kawaida hufanya hivyo, hata isiyo na rangi kabisa.

Karatasi ya rangi hunywa joto na kulikabidhi kioo. Kioo kinachemka na kukurudishia wewe ndani. Miezi michache ya jua, inaanza kugeuka zambarau, kwa sababu rangi zilizochanganywa kupata ule weusi hazifi kwa pamoja. Baadaye gundi inachoka na unaona mapovu kama ya samaki kwenye kioo cha nyuma.

Lakini zambarau ni hasara ya pesa tu. Kilichotusukuma kuandika hapa ni namba anazodanganya, kwa sababu hizo zinaua.

Anakwambia "hii ni 35, trafiki hana shida nayo". Thelathini na tano ni asilimia ya mwanga unaopita kwenye karatasi peke yake, ikipimwa mkononi. Kioo chenyewe si wazi kabisa. Kioo cha mlango wa mbele cha gari nyingi za Japani, kile chenye ukijani kidogo, tuseme kinapitisha asilimia 78 ya mwanga. Bandika 35 juu yake: 0.78 mara 0.35, umebaki na 27. Akibandika 20, umebaki na 16 hivi. Kule Japani gari lilikotoka, vioo vya milango ya mbele haviruhusiwi kushuka chini ya asilimia 70. Uingereza ni 70 hiyo hiyo kwa milango ya mbele na 75 kwa kioo cha mbele, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985. Namba hizo hazikuchaguliwa kwa roho mbaya. Na nyuma ndiyo kabisa: Noah, Harrier na wenzake wengi hutoka kiwandani na vioo vya nyuma vyeusi tayari. Chukua kinachopitisha 25, ongeza karatasi ya 20, unapata 5. Usiku unarudi nyuma kwa asilimia 5 ya mwanga, na mtoto amesimama nyuma ya bampa.

Watu husahau pia kwamba vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma vinaonekana kupitia kioo cha mlango. Ukitia giza mlango wa dereva, bodaboda anayekuja ubavuni bila taa humuoni kwenye kioo wala kwa kugeuza shingo. Naye haoni uso wako, hajui kama umemuona. Likitokea la kutokea, kioo cha mlango ambacho kingesambaratika vipande vidogo kinabaki kimeshikana kwenye karatasi kama mfuko, na anayetaka kukutoa lazima kwanza auchane.

Taa sasa. Hii ndiyo ofa ya bure, na ndiyo mbaya kuliko yote.

Anatumia njia mbili. Akiwa na muda, anavuta karatasi ya moshi, yaani nyeusi ya kupitisha mwanga kiasi, juu ya taa kwa mashine ya hewa moto. Akiwa na haraka anapiga msasa, anafuta kwa thina, anapuliza rangi nyeusi ya kopo. Thina kwenye plastiki ya taa ni sumu. Taa kubwa huwa za polikaboneti, taa za nyuma mara nyingi akriliki, na zote mbili zikiguswa na thina huanza kupasuka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, si leo, baada ya wiki kadhaa. Msasa nao umeshaondoa ile kinga ya juu iliyokuwa inazuia taa isigeuke njano.

Taa kubwa ya balbu ya H4 ni wati 60 fulu na 55 dimu. Dimu inatoa kama lumeni 1,000 hivi, lumeni ikiwa kipimo cha wingi wa mwanga. Bandika moshi unaopitisha nusu. Umbali unaoonekana haupungui nusu, kwa sababu mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo unabaki na kama asilimia 70 ya umbali. Anakuonyesha hilo ukutani jioni, unaona "mbona bado inawaka vizuri". Peleka barabarani basi. Tuseme dimu yako ilikuwa inamfikia mtu wa nguo nyeusi kwenye mita 50. Sasa ni mita 35. Akiwa ameweka moshi wa 35, ni mita 30. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakata mita 22 kila sekunde, na mguu kufika kwenye breki unachukua kama sekunde moja na nusu: mita 33. Yaani kabla breki haijaanza kushika, umeshafika alipo.

Taa ya breki: balbu ya P21/5W ina nyuzi mbili, wati 21 ya breki yenye lumeni 440 na wati 5 ya taa ya kawaida yenye 35. Chini ya moshi wa 30, breki yako inatoa kama 130. Usiku wa nyuma yako ataiona. Saa saba mchana jua la utosini ataona taa nyeusi isiyobadilika, na daladala la nyuma yako halikai mbali.

Halafu kuna kitu ambacho hata mafundi wengi hawakifikirii, reflekta. Zile sehemu nyekundu kwenye taa ya nyuma zinazong'aa zikimulikwa hazitumii umeme. Mwanga wa gari la nyuma huingia na kutoka, kwa hiyo unapita kwenye karatasi mara mbili. Moshi wa 30: asilimia 30 ya 30 ni 9. Gari limezimika usiku kati ya Chalinze na Morogoro, betri imekufa, hazadi hazina nguvu. Kinachokutangaza ni reflekta na matawi ya miti uliyokata. Yeye reflekta ameshakuzimia, tena bure.

Ukilalamika kwamba taa hazimuliki, anakuuzia dawa ya tatizo alilolifanya mwenyewe: balbu za LED "za wati 200". Chip ya LED haikai mahali pale pale waya wa H4 ulipokuwa, kwa hiyo kioo cha ndani cha taa kinatawanya mwanga juu na kumpofusha anayekuja, huku mbele yako kukiwa na doa jeupe na giza nyuma yake. Kwenye indiketa LED inakula umeme kidogo, relay, ile swichi inayoiwasha na kuizima, inadhani balbu imekufa, indiketa inapiga haraka haraka. Anatia rezista, inachemka hadi kuunguza plastiki iliyo karibu. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu cha breki ni ujinga mwingine, maana kioo kinachuja karibu kila kitu isipokuwa wekundu, na LED nyeupe ina wekundu kidogo.

Huyu mtu si fundi kishoka. Kishoka hajui. Huyu anajua, ndiyo maana sampuli yake ni nzuri. Anajua na anafunga mlango. Anyang'anywe lile kontena, arudishe hela za watu, na siku gari alilolizimia taa likigonga mtu naye asimame kizimbani pamoja na dereva. Tena apelekwe usiku na gari lenye taa alizopaka mwenyewe, aambiwe aendeshe.

Dalili zake, kwa haraka: hataki ukae ndani wakati wa kazi, hata pembeni. Anapima karatasi mkononi, hapimi kioo baada ya kubandika. Ukidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anasema "mashine mbovu". Kadi ya dhamana haina namba ya roli. Na vipande vilivyobaki anavitupa mwenyewe kabla hujaviona. Hivyo ndivyo vya kudai. Bandua kinga inayofunika gundi, futa upande wa gundi kwa kitambaa chenye thina kidogo. Rangi yote ikitoka na plastiki ikabaki wazi bila rangi, umepigwa. Au chukua rimoti ya tivii, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, weka kipande katikati. Karatasi ya rangi tupu huiachia ile nukta iwake kama kawaida. Ya seramiki huifinya sana. Haikwambii ubora wote, lakini ya rangi inajiumbua.

Kwa waliokwisha kubandikwa: kwenye taa, pasha karatasi moto polepole, ivute taratibu ikiwa imelala karibu na plastiki, mabaki ya gundi yatoe kwa maji ya moto na sabuni. Thina isikaribie. Kama alipuliza rangi kwenye taa kubwa, ni msasa wa maji 800, 1000, 1500, 2000, 3000, kisha polishi, kisha vanishi yenye kinga ya UV, vinginevyo taa itakuwa njano ndani ya mwaka. Taa za nyuma zenye nyufa badilisheni, hazitengenezeki. Kioo cha nyuma msikwangue kwa wembe hata mkiambiwa ni dakika tano. Zile nyaya za kukaushia ukungu zitakatika, na kwenye baadhi ya magari antena ya redio imo humo humo. Tumieni mvuke. Na funikeni swichi za vioo kwenye mlango wa dereva kwa taulo, zisinywe maji.

Tumesikia anataka kuhama. Atakayeliona kontena linapakiwa kwenye lori aseme limeelekea wapi.