Wakili wa uraia, Barabara ya Nkrumah: nampa nyota tano

Mpwa wangu amezaliwa Ubelgiji na ameshawachezea vijana wao wa chini ya miaka 19. Hapa Majengo kila mtu akituambia Harambee Stars, timu ya soka ya taifa la Kenya, asahau. Huyu mama wakili alitufungulia kanuni za FIFA, akatueleza pole pole kwa Kiswahili mpaka mamangu akaelewa. Aliyecheza mashindano ya vijana tu anaruhusiwa kubadilisha timu ya taifa, ila ni mara moja tu maishani, mradi siku alipocheza mechi yake ya kwanza ya mashindano hayo alikuwa tayari na uraia wa nchi anayoiendea. Hapo moyo ulinidunda! Akatuonyesha Katiba ya 2010: mtoto wa mama Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Mchezaji Divock Origi, mwana wa Mike Okoth wetu aliyeichezea Harambee Stars zamani, hana njia hiyo, maana Kombe la Dunia la 2014 alilicheza na Ubelgiji ya wakubwa.

Ada yake ni ya haki. Benchi la kungojea liko ngazini, joto kali, na wazee huteseka, aweke feni. Nendeni asubuhi, mchukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha mzazi.